Mifupa ya watoto, na mstari kwenye jino langu

Najua nimepotea. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimedisko, jamani! Sijadisko. Zilikuwa wiki za pepa, bumu nalo lilichelewa, kwa hiyo akili yote ilikuwa kwenye madesa na kwenye tumbo. Sasa nimerudi, na leo nina jambo lililonipata darasani ambalo nimelibeba kichwani kama siku kumi hivi. Ni la historia, lakini si ile ya wafalme na mikataba. Ni historia ya watoto waliokufa zamani, na namna wataalamu wanavyoisoma kwenye mifupa. Msiogope, hakuna mizimu humu.

Muhula huu nimechukua somo moja la akiolojia. Nililichukua kwa sababu ratiba yake haikugongana na nyingine, nakiri. Siku hiyo mhadhara ulihusu afya ya watoto wa kale. Dokta akaingia na boksi la vioo vidogo, vile vya mkononi vya saluni, akatugawia. Akasema: kabla hatujasoma meno ya wafu, someni kwanza ya kwenu. Darasa zima likacheka. Watu wakaanza kupanuana midomo kama wako mnadani wanakagua mbuzi.

Akatueleza cha kutafuta. Kwenye meno ya mbele angalia kama kuna mfereji mdogo unaokatiza jino kwa ulalo, kama mkunjo. Si rangi, ni mkunjo. Akasisitiza hilo kwa sababu tuna wenzetu wa Arusha na Moshi ambao meno yao yana rangi ya kahawia, na hiyo ni habari nyingine kabisa, ni floridi iliyozidi kwenye maji waliyokunywa utotoni. Mkunjo anaousema yeye ukipitisha kucha unausikia.

Nikapitisha kucha. Upo. Meno mawili ya mbele juu, na chonge zote mbili, mstari mmoja. Miaka yote napiga mswaki kila asubuhi, sijawahi kuuona.

Dokta akaja na rula yake ndogo, akapima umbali kutoka kwenye ufizi, akatazama jedwali lake, akaniambia: "Hapa uliumwa sana. Ulikuwa na miaka miwili na nusu, labda mitatu kasoro. Muulize mama."

Jioni nikampigia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hela imeisha?"

"Hapana mama. Hivi nilipokuwa na miaka miwili na nusu niliumwa?"

Kimya. Halafu akaniuliza nani kaniambia. Nikamwambia ni jino. Akacheka kidogo, halafu akaanza kusimulia. Surua. Ikaisha ikafuata kuharisha, wiki tatu sili wala sisimami, bibi akawa ameshaanza kuwaita watu. Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo hata siku moja. Nikamuuliza mbona hukuwahi kusema. Akajibu, "Si ulipona? Aliyenitoka ni dada yako aliyekutangulia. Yeye hakufikisha hata siku nne za homa."

Na hiyo pia nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Mimi nilidhani ndiye wa kwanza kwa mama. Hilo la dada nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Kwanza nieleze hii elimu inavyofanya kazi.

JINO NI DAFTARI

Enameli, ile nyeupe ngumu ya jino, hutengenezwa mara moja tu. Jino likiwa bado ndani ya taya, chembe maalumu zinaijenga tabaka kwa tabaka kuanzia ncha kwenda kwenye mzizi. Mtoto akiugua sana au akikosa chakula, mwili unabana matumizi, na ujenzi unasimama au unapungua. Akipona unaendelea, ila pale uliposimama panabaki mkunjo. Tofauti na mfupa, enameli haijikarabati. Ukiupata mkunjo una miaka miwili, utakufa nao, na baada ya kufa utakaa nao ardhini miaka elfu. Na kwa kuwa tunajua kila sehemu ya jino hujengwa katika umri gani, unapima umbali tu unapata mtoto aliugua lini. Aliugua nini, jino halisemi. Surua, njaa, minyoo, vyote vinaandika kwa mwandiko uleule.

Mifupa nayo ina yake. Mifupa mirefu ya mtoto hukua kwa ncha, na ukipiga eksirei ya muundi unaweza kuona mistari myeupe inayokatiza, pale mfupa uliposita kukua ukaendelea. Hiyo inaweza kufutika mtu akiendelea kuishi, kwa sababu mfupa hujijenga upya kila wakati. Halafu juu ya shimo la jicho, upande wa ndani, kwa watoto wengine kunakuwa na vitundu vidogo kama sifongo. Hivi huhusishwa na upungufu wa damu utotoni, ingawa wataalamu wanabishana hadi leo chanzo chake hasa ni nini: lishe, minyoo, malaria, au vyote kwa pamoja. Matege yanaonekana kwenye miguu iliyopinda, na kiseyeye huacha dalili zake pia.

Lakini kipimo ninachokipenda mimi ni rahisi kuliko vyote. Meno ya mtoto huota kwa ratiba ngumu kuyumbishwa. Gego la kwanza la ukubwani hutoka kama miaka sita, la pili kama kumi na miwili, hata kama mtoto anakula vibaya linachelewa kidogo tu. Urefu wa mifupa ndio unaoyumba haraka. Sasa ukimkuta mtoto ambaye meno yanasema ana miaka minane, lakini paja na muundi ni vya mtoto wa miaka mitano, hapo umeshapata jibu. Huyo alidumaa.

Mtu atauliza (na aliuliza mmoja pale nyuma, yule anayependa kubishana), tutajuaje kama meno hayadanganyi? Swali zuri. London kuna kanisa linaitwa Christ Church, Spitalfields. Kati ya 1984 na 1986 waliondoa maiti karibu 1,000 kwenye vyumba vya chini ya kanisa hilo, watu waliozikwa karne ya 18 na ya 19. Zaidi ya 380 kati yao majeneza yao yalikuwa na vibao vyenye jina na umri. Ikawa kama pepa lenye majibu nyuma: wataalamu wanakadiria umri kutokana na mifupa, halafu wanatazama kibao. Kwa watu wazima waliaibika, vijana waliwaongezea miaka na wazee wakawapunguzia. Kwa watoto, meno yalifanya kazi vizuri. Kwa hiyo tukisema mtoto huyu alikufa na miaka minne, tuna haki ya kusema hivyo kuliko tunaposema mtu huyu alikufa na miaka sitini.

WATOTO WALIKUWA WAPI?

Cha kushangaza, kwa miaka mingi hawa watoto hawakusomwa kabisa. Mifupa ya mtoto mchanga ni midogo na laini, inaoza mapema hasa kwenye udongo wenye tindikali. Wachimbaji wengine waliichanganya na ya wanyama. Makumbusho mengi ya zamani yalitaka mafuvu ya watu wazima, ya watoto yakaachwa kwenye shimo. Hata kujua kama ni wa kike au wa kiume ilikuwa haiwezekani kwa kutazama tu, kwa sababu tofauti hizo kwenye mifupa huja na balehe. Siku hizi wanatumia vinasaba, au protini zilizobaki ndani ya enameli.

Na kuna sababu nyingine ambayo dokta hakuhitaji kutueleza sana. Watoto wengi wachanga hawakuzikwa makaburini na wakubwa. Mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja alininong'oneza kwamba kwao mtoto wa siku chache alizikwa nyuma ya nyumba, na wanawake peke yao, bila matanga. Nikamwambia hata kwa bibi yangu nilishasikia hivyo. Sasa mtaalamu akija baada ya miaka 500 akachimba makaburi ya kijiji, atasema hapa watoto wachanga hawakufa. Kumbe walikuwa chini ya migomba.

KISIWA NA NG'AMBO YAKE

Mfano ulionikaa zaidi ni wa Kulubnarti, kaskazini mwa Sudan, kandokando ya Nile, kwenye eneo ambalo Waarabu huliita Tumbo la Mawe kwa jinsi lilivyo kavu na gumu. Huko waliishi Wanubi Wakristo, karne zile ambazo huku kwetu pwani miji ya Waswahili ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 1979 wachimbaji kutoka vyuo viwili vya Marekani, Colorado na Kentucky, walifukua makaburi mawili. Moja lilikuwa kisiwani, jingine ng'ambo, bara. Jumla walipata watu takribani 400, na kwa sababu ya ukame miili mingine ilikuwa bado na ngozi na nywele. Zaidi ya nusu walikuwa watoto.

Wote walizikwa Kikristo. Kwa macho, makaburi hayana tofauti kubwa ya utajiri. Lakini mifupa ilipopangwa mezani, tofauti ikatoka. Waliozikwa kisiwani walikuwa na alama nyingi zaidi za maradhi na njaa, vile vitundu vya kwenye jicho na kadhalika, na walikufa mapema. Wastani wa umri wa kufa kisiwani ulikuwa takribani miaka 11, ng'ambo takribani 19. Usishangae namba zote kuwa ndogo, watoto wakifa wengi wastani unashuka. Lakini tazama pengo lenyewe. Ni watu walioonana kila siku, wanaokunywa mto uleule.

Mwanzoni ilidhaniwa kaburi moja ni la zamani kuliko jingine, labda nyakati zilikuwa ngumu halafu zikatengemaa. Vipimo vya kaboni vikaonyesha yalitumika wakati mmoja. Basi labda wa kisiwani walikuwa watu wa asili nyingine, wageni? Mwaka 2021 timu iliyoongozwa na Kendra Sirak ilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 66 kutoka makaburi yote mawili. Hakuna tofauti ya maana. Ni watu wa jamii moja, na wakakuta hata ndugu wa damu, mmoja kazikwa huku mwingine kule.

Kwa hiyo haikuwa damu. Kilichobaki ni maisha yenyewe, nani ana shamba na nani anamlimia mwenye shamba, au mpangilio mwingine wa aina hiyo. Wataalamu wengi wanaelekea huko, kwamba wa kisiwani walikuwa watu wa chini. Hakuna maandishi yanayosema hivyo. Waliotuambia ni watoto wa miaka minne na mitano.

Siku hiyo darasa lilinyamaza. Hata yule wa kubishana.

ALAMA NA ASIYE NA ALAMA

Sasa nirudi kwa dada yangu.

Mwaka 1992 James Wood na wenzake walitoa makala iliyowakosesha usingizi wasomaji wa mifupa. Hoja yao ni hii. Alama kwenye mfupa haitokei kwa siku moja. Mkunjo kwenye jino, vitundu kwenye jicho, mstari kwenye muundi, vyote vinataka muda, wiki au miezi. Maana yake ili uwe na alama lazima uwe umeugua na HUKUFA haraka. Yule aliyeugua akafa siku ya nne, mifupa yake ni safi. Ukiiweka mezani pamoja na ya mtoto aliyekuwa na afya njema akafa kwa kuzama mtoni, huwezi kuwatofautisha.

Fikirieni maana yake. Unachimba makaburi ya vijiji viwili. Kimoja watoto wana alama tele, kingine mifupa yao ni misafi. Haraka haraka unasema cha pili kilikuwa na afya. Inawezekana ni kinyume, huko watoto walikuwa wanakwenda kabla mfupa haujapata muda wa kuandika. Na tena usisahau kwamba unaowaona kaburini wakiwa watoto ni wale walioshindwa. Walioshinda utoto wao wako kaburi la pili, ni watu wazima, na ndio wenye mikunjo ya zamani kwenye meno.

Ndiyo maana Kulubnarti inaaminika, kwa sababu haikutegemea alama peke yake. Alama na umri wa kufa vyote vinaelekea upande mmoja. Kungekuwa na alama tu, tungebaki kubishana.

Nilipokuwa nasikiliza hoja hii nilikuwa nimeshaongea na mama, na nilijikuta naandika jina la dada pembeni mwa daftari. Mama alinitajia siku ileile. Mimi niliyepona wiki tatu za surua na kuharisha nina mstari kwenye meno manne. Yeye aliyekwenda ndani ya siku nne hana chochote. Mtaalamu akitukuta sote wawili, atasema huyu mkubwa alikuwa na utoto mbaya, na huyu mdogo haonyeshi dalili yoyote ya shida. Atakuwa amesema kweli kuhusu mifupa, na amekosea kuhusu nyumba yetu.

Nilimpigia tena mama Jumapili. Nikamuuliza alizikwa wapi. Akanieleza: nyuma ya nyumba ya bibi, karibu na mwembe ule uliokatwa. Nimecheza pale miaka yote. Nikamuuliza kwa nini hamkuwahi kuniambia. Akasema mtoto hasimuliwi habari za mtoto. Halafu akaongeza kwamba siku ile hakukuwa na usafiri, na kwamba alikuwa amembeba mgongoni, na hapo akasema salio linaisha, tutaongea. Salio nilikuwa namlipia mimi.

MTOTO

Nimalizie karibu na kwetu. Kilifi, Kenya, si mbali na bahari, kuna pango linaitwa Panga ya Saidi. Mwaka 2013 wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani waliona kishimo humo, na 2017 wakafika kwenye mifupa yenyewe, kama mita tatu chini ya sakafu ya sasa. Ilikuwa imelainika mno kiasi kwamba haikuguswa, walizungushia plasta wakainyanyua donge zima, likaenda Nairobi, kisha maabara ya Burgos, Hispania. Ndani yake kulikuwa na mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Umri waliupata, mmeshakisia, kwenye meno. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na hadi habari zake zinachapishwa 2021 hakukuwa na kaburi la makusudi la mtu kama sisi lililo la kale zaidi Afrika. Wakampa jina la Kiswahili: Mtoto.

Mifupa yake haikusema kilichomuua. Lakini walisoma jinsi ilivyolala. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mabega yalikaa namna inayoonyesha kwamba alikuwa amefungiwa kwenye kitu, ngozi au majani, na kichwa kiliinama kama kilichowekewa mto ambao umeshaoza.

Miaka miwili na nusu. Umri uleule wa mstari wangu.

Sina hitimisho kubwa. Ninachoweza kusema ni kwamba mambo haya si ya wafu pekee. Utafiti wa afya uliofanyika nchini mwetu 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2015 na 2016 ulisema 34, kwa hiyo tunapungua, lakini bado ni watatu katika kila kumi. Hao mifupa yao inaandika sasa hivi, wakati mimi na wewe tunagombania foleni ya kafeteria. Na wale wa siku nne hawaandiki popote, isipokuwa kwenye vichwa vya mama zao.

Basi ukimaliza kusoma, chukua kioo, pitisha kucha kwenye meno ya mbele. Ukikuta mkunjo, mpigie mama, au bibi kama yupo. Na hata usipoukuta, mpigie tu umuulize mlizaliwa wangapi. Mwenye cha kusimulia aniandikie hapo chini, au anikute maktaba, meza ya pembeni kama kawaida.

Likizo nitakwenda kwa bibi. Nataka nikaonyeshwe palipokuwa na ule mwembe. Nikirudi nitawaambia.